Lami imefika, nani apite kwanza? Njia panda za Mpanda na hesabu zake

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,152,958, na kwa ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka hakuna mkoa mwingine wa Tanzania uliokua upesi hivyo. Katika kipindi hichohicho lami ilikuwa ikiisogelea Mpanda kutoka kila upande: kutoka Sumbawanga kupitia Kizi na Sitalike, kutoka Tabora kupitia Ipole na Koga, na kipande kwa kipande kuelekea Uvinza na Kigoma. Mji uliojulikana kama mwisho wa reli, tawi la kilomita 210 hivi kutoka Kaliua lililojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi, sasa umekuwa mahali ambapo safari za kanda nzima ya magharibi hukutana.

Barabara zikikutana, swali ni lile lile popote duniani: nani apite kwanza, na nani amwambie? Majibu ni mengi. Unaweza kuwaachia watu waelewane wenyewe, ukasimamisha alama, ukamwaga matuta, ukajenga kipilefti, ukafunga mataa, ukamweka askari, au, mwenye fedha nyingi, ukarusha barabara juu ya nyingine. Kila mji unaokua hufika siku ambayo wakazi wake huanza kudai mataa, kwa sababu mataa ndiyo alama ya mji mkubwa. Makala haya yanashikilia kwamba kwa njia panda nyingi za Mpanda na Katavi dai hilo limeruka hatua. Zamani vumbi, mashimo na makorongo vilipunguza mwendo wa kila chombo, na kwa hiyo ndivyo vilivyokuwa vikiongoza magari bila mtu kuvitambua. Lami imeviondoa. Kazi ya kwanza ni kuurudisha mwendo mdogo pale barabara zinapokutana, safari hii kwa makusudi. Vyombo vingine vyote huchaguliwa baada ya hapo.

Sekunde saba

Dereva anayetoka mtaani na kutaka kukata kulia kuingia barabara kubwa huhitaji mwanya wa takriban sekunde 7 ili apite salama. Gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hula mita 156 katika sekunde hizo. Likija kwa kilomita 50, ambao ndio ukomo wa kisheria maeneo ya makazi, hula mita 97. Likija kwa kilomita 30, mita 58 tu. Kwa hiyo kona ambayo dereva anaona mita 60 upande wa kulia ni kona salama kwa mwendo mmoja na ni mtego kwa mwendo mwingine, ingawa hakuna kilichobadilika pale isipokuwa uso wa barabara.

Sasa tazama hiyo kona ilivyo. Pembeni kuna kijiwe cha bodaboda, pikipiki nane au kumi zimepangwa kichwa nje, na miavuli juu yake. Nyuma yao kuna banda la chipsi, na mbele ya banda Fuso limeegeshwa likishusha magunia ya mpunga. Mwenye Noah anayetoka mtaani haoni kitu, hivyo anasogeza pua ya gari hadi iwe tayari ndani ya barabara ndipo achungulie. Bodaboda anayekuja anaikwepa pua ile kwa kuingia katikati, ambako basi la Tabora linapishana naye. Ukifunga taa hapo leo, pikipiki na Fuso vitabaki palepale kuificha taa yenyewe.

Dawa ya kona kama hiyo ni rahisi kuliko zote: sogeza kijiwe mita 20 hadi 30 mbali na pembe, kataza maegesho katika umbali huo, na mpe mama lishe nafasi nyingine inayoeleweka badala ya kumfukuza arudi kesho. Vijiwe vinakaa pembeni kwa sababu abiria wanashukia pembeni. Kikihamishwa kituo cha kushushia, kijiwe kitakifuata.

Kuna jambo jingine dogo ambalo miji ya vumbi inalijua vizuri. Mtaa wa changarawe unapoingia kwenye lami, magurudumu huburuta kokoto na mchanga hadi barabarani. Pikipiki inayokata kona juu ya kokoto hizo huteleza, na michoro ya pundamilia iliyo karibu hufutika kwa msimu mmoja. Kumwaga lami mita chache za mwanzo za kila mtaa, pamoja na mtaro wa kuchukua maji ya masika, ni udhibiti wa njia panda hata kama haufanani na udhibiti.

Alama mbili zisizofanana

Baada ya kuona, alama. Pembetatu iliyopinduliwa inamwambia dereva apishe. Pembenane nyekundu inamwambia asimame kabisa. Tofauti hii hupuuzwa sana. Mahali ambapo dereva anaona vizuri kutoka mbali, kumpisha mwenye barabara kubwa kunatosha, na kumlazimisha asimame huku barabara nyeupe pande zote kunamfundisha kudharau alama. Pembenane ihifadhiwe kwa kona ambazo kweli huwezi kuona mpaka usimame: ukuta, nyumba, mteremko, miti ya barabarani. Alama zikiwekwa kila kona bila sababu, ile iliyowekwa kwa sababu nayo hupitwa.

Matuta nayo yana kanuni zake. Rasta, zile mbavu ndogo zinazotetemesha gari, humwamsha dereva aliyetoka Koga usiku kabla hajaingia mjini. Tuta kubwa humlazimisha kupunguza. Kivuko kilichoinuliwa, ambacho ni tuta pana lenye pundamilia juu yake, hufanya kazi mbili kwa gharama ya moja na ndicho kinachofaa mbele ya shule na zahanati. Lakini tuta lisilopakwa rangi wala kutangulizwa na alama huua, na wa kwanza kufa ni mwenye pikipiki na abiria wake.

Kipilefti: nguvu yake na mipaka yake

Njia panda ya kawaida yenye mikono minne ina sehemu 32 ambapo njia ya gari moja inaweza kukata, kuungana au kuachana na ya jingine. Yenye mikono mitatu ina 9. Kipilefti cha njia moja chenye mikono minne kina 8, na hakuna hata moja ambapo magari hukutana uso kwa uso au kugongana ubavuni kwa mwendo mkali. Ndiyo sababu nchini Marekani, ambako vipilefti vilichelewa kufika, uchunguzi wa njia panda zilizobadilishwa kutoka alama na mataa uliona ajali za majeruhi zikipungua kwa karibu robo tatu, na za vifo zikipungua zaidi ya hapo. Madereva hawakuwa wameongezeka adabu. Walikuwa wamezungushwa kisiwa, na kisiwa hakipitiki kwa kilomita 80.

Nguvu ya pili ni kwamba kipilefti hakilali. Hakihitaji umeme, balbu wala ratiba. Saa nane ya usiku, bodaboda mmoja akipita peke yake, hasubiri mtu.

Ila kipilefti kina sharti moja: anayeingia ampishe aliye kuliani kwake, yaani yule ambaye tayari yuko ndani. Waingereza waliishi na mizunguko kwa miongo kadhaa bila sharti hilo, na ilikuwa ikijifunga yenyewe kwa sababu waliokuwa ndani walizibwa na walioingia. Walipolifanya kuwa kanuni mwaka 1966, mizunguko ilianza kufanya kazi. Mahali ambapo sharti hili halifuatwi, kipilefti ni mnara wa kupigia picha uliozungukwa na foleni.

Sharti hilohilo lina udhaifu wake magari yakizidi. Nairobi ndiyo shule ya karibu. Vipilefti vya Uhuru Highway vilizidiwa na magari kiasi kwamba mkono mmoja ukijaa, mikono mingine haipati mwanya. Polisi wakaingia kuviongoza kwa mikono hata palipokuwa na taa. Mwaka 2015 serikali ya kaunti chini ya Gavana Evans Kidero iliweka mapipa kuzuia magari kukata kulia kwenye baadhi ya vipilefti hivyo, na foleni haikuisha. Kipilefti cha njia moja huanza kulemewa kinapokaribia magari 20,000 hadi 25,000 kwa siku. Kwa mji wa kadiri ya Mpanda hiyo ni nafasi ya kutosha, na kosa la kuogopa zaidi ni la upande mwingine: kujenga kipilefti kikubwa chenye njia mbili kwa ajili ya magari ya miaka ijayo, kisha magari machache ya leo yakipite moja kwa moja bila kupunguza.

Ukubwa wa kisiwa huamuliwa na lori. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56, na malori ya namna hiyo yanapita Mpanda yakibeba mahindi, mpunga, saruji na mbao. Bandari ya Karema, iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, itayaongeza. Tela haligeuki kama kichwa. Magurudumu yake ya nyuma hukata ndani. Kisiwa kidogo chenye ukingo mkali kitavunjwa ndani ya mwezi. Ufumbuzi uliozoeleka ni kukizungushia kisiwa mkanda wa zege ulioinuka kidogo: tela linaupanda, gari dogo linauona mbaya na kuukwepa, hivyo halipati njia ya kunyoosha.

Anayesahauliwa kwenye kipilefti ni mwenda kwa miguu. Dereva anayeingia hutazama kulia tu, na mtu anayevuka kushoto kwake hayumo machoni. Pundamilia inapaswa kurudi nyuma urefu wa gari moja kutoka mdomo wa mzunguko, na katikati ya barabara kuwe na kisiwa kidogo ili mvukaji ashughulike na upande mmoja kwa wakati. Kwa asiyeona, ambaye husikiliza magari ili ajue lini pametulia, kipilefti ni kigumu kuliko mataa, kwa sababu hapatulii kamwe. Hili ni moja ya mambo machache yanayoweza kuipa taa ushindi hata pale hesabu ya magari inapoupendelea mzunguko.

Mataa yanadai nini

Taa ya kwanza ya kuongozea magari iliwekwa mbele ya Bunge la Uingereza, London, Desemba 1868. Iliwaka kwa gesi, ikalipuka baada ya wiki chache na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Tangu hapo teknolojia imebadilika, lakini taa imebaki mtambo unaohitaji mlezi wa kila siku.

Kazi yake ni kugawa muda. Njia moja ya magari ikipewa kijani mfululizo hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa. Kila zamu inapobadilika, sekunde 4 hivi hupotea bila gari kupita: wa mwisho anamalizia, wa kwanza anajikusanya. Mzunguko wa dakika moja wenye zamu nne unapoteza sekunde 16, zaidi ya robo ya muda wote. Magari yakiwa mengi, hasara hiyo inalipika. Yakiwa machache, watu wanasubiri barabara tupu, na anayesubiri barabara tupu kila usiku hujifunza kupita kwenye nyekundu. Tabia hiyo haiishii usiku.

Mwongozo wa Marekani, miongoni mwa vigezo vyake vya kukubali taa, unataka barabara kubwa yenye njia moja kila upande iwe na magari yasiyopungua 500 kwa saa kwa pande zote mbili, na mkono wenye magari mengi wa barabara ndogo usipungue 150, kwa saa nane za siku. Huhitaji kuamini namba hizo kama msahafu ili uone mantiki yake: mji ambao shughuli yake yote ni saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni hauna hoja ya taa kwa sababu ya saa mbili. Tena namba hizo zilitungwa kwa ajili ya magari. Pikipiki huchukua sehemu ndogo ya nafasi ya gari na hupenya hadi mbele ya mstari. Taa ikigeuka kijani zinaondoka kwa kundi. Njia panda inayoonekana kufurika kwa sababu ya bodaboda 60 inaweza kuwa na uzito wa magari yasiyofika 30.

Kisha kuna umeme. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na kila mkazi anajua kukatika kwake. Taa iliyozimika ni hatari kuliko njia panda isiyokuwa na taa, kwa sababu kila mkono unajidhania umeruhusiwa. Anayetaka taa anunue pia betri, sola, vipuri, fundi aliye karibu na kifungu cha bajeti cha kila mwaka. Kinachonunuliwa bila hivyo ni nguzo.

Mkono wa trafiki

Askari wa usalama barabarani ana kitu ambacho chombo kingine hakina: macho. Anaona gari la wagonjwa, msafara wa msiba, wanafunzi wanaotoka, kundi la ng'ombe linalopelekwa mnadani. Kwa siku ya gulio au ya mgeni wa kitaifa, yeye ndiye jibu bora. Kwa siku zote, ni jibu ghali na lisilotabirika. Akiondoka kwenda kula, njia panda inarudi ilivyokuwa. Madereva wa Dar es Salaam wanajua pia kasoro ya pili: askari hupenda kuvuta upande mmoja mpaka umalizike, na pande nyingine hujaa hadi kuziba njia panda ya nyuma yao. Kongo walijaribu kuziba pengo hilo kwa roboti: kuanzia mwaka 2013 Kinshasa iliweka mashine zenye umbo la mtu zilizobuniwa na kikundi cha mhandisi Thérèse Izay. Zilivuta macho ya dunia, ila kimsingi ni mataa yenye mikono, na madai yake ni yaleyale.

Barabara za juu hazihitaji kutuchelewesha. Ya Mfugale pale TAZARA, iliyofunguliwa Septemba 2018, na ile ya Kijazi pale Ubungo, iliyofunguliwa Februari 2021, zilijengwa baada ya miongo ya foleni ya makumi ya maelfu ya magari. Katavi haiko huko.

Nje ya mji

Njia panda hatari zaidi za mkoa huenda zisiwe za mjini kabisa. Pale Kizi, njia ya kwenda Kibaoni inaachana na ile inayopita Lyambalyamfipa kuelekea Sitalike. Magari ni machache, lakini yanakuja kwa mwendo wa safari, na mara nyingi ni giza. Mahali pa namna hii taa wala kipilefti si jambo la kwanza. Panahitaji alama kubwa zenye kuakisi mwanga umbali wa kutosha kabla, rasta, njia ya pembeni ya kumtoa anayesubiri kukata kulia ili asigongwe mgongoni, na kituo cha basi kilichosogezwa mbali na pembe. Sitalike, kwenye mto Katuma wenye viboko na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mwenye kuvuka anaweza kuwa mnyama. Hapo mwendo ndio udhibiti pekee.

Reli nayo ni njia panda. Treni ya Mpanda haipiti kila saa, na hapo ndipo hatari ilipo: dereva aliyevuka mara mia bila kuiona huacha kuitazama. Treni hushinda siku zote, na husimama baada ya mamia ya mita. Kwenye tuta la reli, tuta la barabara kabla yake na alama ya msalaba isiyofichwa na majani ni vitu vya bei ndogo kuliko geti, na havihitaji mlinzi aliye macho.

Hesabu kwanza, halafu mwenyewe

Chombo kizuri kwenye njia panda isiyo yake ni fedha iliyopotea, na njia pekee ya kujua ni kuhesabu. Wanafunzi wanne wa chuo wenye kalamu na karatasi wanatosha: kila mmoja mkono wake, toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akiandika nani amenyoosha, nani amekata kushoto, nani kulia. Wahesabiwe waenda kwa miguu, baiskeli, maguta na mikokoteni ya ng'ombe, kwa sababu hao ndio hesabu nyingi huwaacha. Irudiwe siku ya gulio na msimu wa mavuno, malori yanapoongezeka. Mwendo upimwe. Kumbukumbu za ajali ziombwe polisi, na hospitalini pia, kwani bodaboda wengi walioanguka hukimbizwa kushonwa bila jalada kufunguliwa. Kisha, kabla ya zege, muundo ujaribiwe kwa matairi yaliyopakwa rangi nyeupe kwa wiki chache. Kama tela halizunguki, utaona kabla ya kulipa mkandarasi.

Baada ya hesabu huja swali ambalo ndilo huvunja mipango mingi: njia panda ni ya nani? TANROADS inasimamia barabara kuu na za mkoa. TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017, inasimamia za wilaya, za mijini na vijijini. Trafiki yuko chini ya Polisi, na manispaa ndiyo inayotoa vibali vya mabanda na kupanga vijiwe. Kona moja ya Mpanda inaweza kuwa na wakubwa wanne: mmoja wa lami inayonyooka, mmoja wa mtaa unaoingia, mmoja wa pikipiki zilizopaki na mmoja wa faini. Alama ikiangushwa na Fuso, kila mmoja ana sababu ya kumtazama mwenzake.

Mahali ambapo wote hukaa meza moja ni Bodi ya Barabara ya Mkoa. Kila njia panda inayoletwa mbele yake ije na karatasi moja: hesabu ya siku mbili, mwendo uliopimwa, umbali ambao dereva anaona, na jina la ofisi itakayopaka rangi na kurudisha alama mwaka wa tatu. Yenye karatasi iliyokamilika ipewe inachostahili, hata kama ni kuhamisha kijiwe na kumwaga lami mita 20. Isiyo na karatasi isubiri, hata kama waliyoiombea ni mataa.